Mtoto Akirudi na Ini la Mama

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisikia nusu. Nusu ya kwanza tunaijua vyema. Mtoto fulani ana maradhi ya ini, madaktari wetu wamefika mwisho wa uwezo wao, anatakiwa kwenda India. Picha yake inatolewa gazetini: macho ya manjano, tumbo limevimba, miguu kama vijiti, na chini yake namba ya simu ya kutumia mchango. Watu wa mji huu hawana choyo katika mambo hayo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanachanga, misikiti na makanisa yanachanga, wafanyakazi maofisini wanapitisha bahasha. Mtoto anaondoka. Baada ya miezi kadhaa anarudi, na picha ya pili inatoka: macho meupe, anacheka. Hapo gazeti linafunga habari na sisi tunafunga pochi. Nusu ya pili, yaani mtoto yule anaishije mwaka wa tatu, wa saba, wa kumi na mbili, hiyo haiandikwi.

Mimi ni mkazi wa Upanga, na Upanga ni mtaa wa hospitali. Ukipita jioni karibu na Muhimbili utawakuta akina mama na vyombo vya uji na supu wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Jina la Sewa Haji, yule tajiri wa Kihindi aliyetoa fedha zake kwa hospitali ya watu wa Dar es Salaam tangu enzi ya Mjerumani, limebaki kwenye jengo la wodi. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianzishwa pale pale, vijana wetu wakaanza kusomea utabibu nyumbani. Nautaja mwaka huo makusudi, maana habari yetu ya leo nayo inaanzia hapo, ila mbali sana na Upanga.

Tarehe 1 Machi 1963, katika mji wa Denver, Marekani, daktari Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza binadamu ini kwa mara ya kwanza. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Alizaliwa na ugonjwa ambao mirija ya kupitisha nyongo kutoka kwenye ini imeziba, nyongo inabaki ndani, na ini linaoza polepole. Mtoto yule alivuja damu, akafia mezani. Waliofuata hawakufikisha hata mwezi mmoja, na kazi ikasimamishwa. Mwaka 1967 Starzl akarudi tena, akampandikiza mtoto wa kike wa miezi 19 aliyekuwa na saratani ya ini, na huyo akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Dunia haikumtazama sana, kwa sababu Desemba ya mwaka huo huo Christiaan Barnard alipandikiza moyo kule Cape Town, na magazeti yote yakahamia huko. Moyo una bahati ya kupendwa. Ini, ingawa Mswahili akiumizwa sana husema amekatwa maini, halina mashairi mengi.

Kwa miaka kama kumi na tano baada ya hapo, swali lilikuwa moja tu: atapona au atakufa? Na wengi walikufa. Kisu hakikuwa na kosa kubwa. Shida ilikuwa mwili wenyewe. Mwili una askari wake, na askari hao hawajui kwamba kiungo kilicholetwa ni mgeni mwema. Wanakishambulia. Dawa za kuwatuliza zilikuwa dhaifu au kali kupita kiasi, na mtoto aliyeponea kukataliwa na mwili alikufa kwa maambukizi.

Wokovu ulitoka udongoni, na sehemu hii ya habari naipenda. Mnamo mwaka 1969 mtumishi wa kampuni ya dawa ya Uswisi, akiwa matembezini huko Norway, alichota udongo kidogo. Ndani yake mlikuwa na ukungu uliozaa dawa ya siklosporini. Mwaka 1984 Wajapani nao wakapata katika udongo wa Tsukuba kijidudu kilichozaa dawa ya pili, takrolimasi, ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya matibabu haya. Siklosporini ilipoanza kutumika, vifo vilishuka haraka sana, hata mwezi Juni 1983 wataalamu waliokutanishwa na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani wakatamka kwamba kupandikiza ini si jaribio tena bali ni tiba. Leo katika hospitali zenye uzoefu, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 wanaopandikizwa huwa hai mwaka mmoja baadaye, na wengi wao wanaendelea kuwa hai miaka kumi na zaidi.

Likabaki tatizo la ini lenyewe litoke wapi. Mwaka 1984 Waingereza walimfuatilia kwenye televisheni mtoto Ben Hardwick, mwenye umri wa miaka miwili, aliyekuwa akisubiri ini. Alilipata, akaishi mwaka mmoja na kidogo, akafariki mwaka 1985. Habari yake iliwafanya watu wengi wakubali kutoa viungo vya jamaa zao waliofariki. Lakini kwetu sisi, ambao maiti tunaiheshimu na tunataka izikwe mapema na nzima, njia hiyo ni nyembamba. Njia iliyotufaa ni ile iliyofunguliwa Brisbane, Australia, mwaka 1989, pale daktari Russell Strong alipokata kipande cha ini la mama wa Kijapani, akampandikiza mwanawe, na wote wawili wakaishi. Mwaka huo huo Chicago nao wakafanya. Ini, ndugu msikilizaji, lina tabia ambayo viungo vingine havina: ukilikata hukua tena. Mama aliyetoa kipande, baada ya muda wa miezi michache ini lake hurudi karibu na ukubwa wake wa kwanza, na kile kipande hukua pamoja na mtoto. Basi kukata maini kukawa tiba.

India ilifuata mwezi Novemba 1998. Katika hospitali moja ya New Delhi, baba alimpa mwanawe wa miezi 20 kipande cha ini. Mtoto yule, ambaye naye alizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba, alikua, akasoma, na sasa ni daktari. Tangu hapo India ikawa ndiyo njia yetu. Kwa watu wa Upanga njia hiyo si ngeni. Wazee wa mtaa huu wanakumbuka meli za Karanja na Kampala zilizopita kati ya Bombay na pwani yetu, zikibeba vitambaa, mabibi harusi na wagonjwa. Kwa miaka mingi madaktari na wafadhili wa hapa hapa mjini wamekuwa wakiwapeleka huko watoto wenye matundu ya moyo. Tangu Julai 2019 ndege ya shirika letu imekuwa ikienda Mumbai, na safari iliyochukua siku nyingi baharini ikawa ya saa chache. Upande wa pili, kusini mwa bara letu, Cape Town inapandikiza maini ya watoto tangu miaka ya 1980, na Johannesburg mwaka 2017 mama mwenye virusi vya UKIMWI alimpa mwanawe asiye na virusi kipande cha ini, kwa kuwa mtoto alikuwa anakufa na hakukuwa na mtoaji mwingine. Madaktari walitangaza habari hiyo mwaka uliofuata. Fikiria uzito wa uamuzi ule.

Sasa tufike kwenye nusu ya pili.

Watoto walipoanza kuishi, wataalamu walijikuta na swali jipya ambalo Starzl mwaka 1963 hakuwa na nafasi ya kujiuliza: wanaishi maisha gani? Mwaka 1995 hospitali za Marekani na Canada zilianza kuweka kumbukumbu za watoto hao pamoja. Wakatumia pia karatasi ya maswali 23, ambayo mtoto huijibu mwenyewe na mzazi huijibu kwa upande wake. Si maswali ya maabara. Ni ya kuulizana barazani: unaweza kutembea mwendo kidogo bila taabu? Unakimbia? Unaweza kusaidia kazi za nyumbani? Unaogopa? Wenzako wanakutania? Unasahau mambo darasani? Umekosa shule mara ngapi kwa sababu ya kuumwa?

Majibu yana raha na yana uchungu. Watoto hawa wanaishi vizuri kuliko walivyokuwa wagonjwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo kwa ujumla wako chini ya watoto wenye afya, karibu sawa na watoto wengine wenye maradhi ya kudumu, na pale wanapoanguka zaidi ni shuleni. Katika uchunguzi mmoja wa kumbukumbu hizo, takriban robo ya watoto walikuwa nyuma kiasi katika vipimo vya akili, wakati kwa kawaida ungetarajia kama mmoja katika saba. Sababu zinaeleweka. Ubongo wa mtoto hujengeka zaidi katika miaka ile ya mwanzo, na mtoto huyu miaka hiyo aliitumia akiwa na sumu katika damu, hali chakula kikamkaa, halazwi wodi hii ila kuhamishiwa ile. Na walipowatazama waliofikisha miaka kumi tangu kupandikizwa, wale ambao kila kitu kwao kilikuwa sawasawa, yaani ini zima, figo nzima, kimo cha kawaida, bila maradhi mengine yaliyoletwa na dawa, walikuwa kama thuluthi tu. Hiyo ni Marekani na Canada, ambako dawa zipo na walimu wa ziada wapo.

Je, Upanga? Nina jirani ambaye binti yake alipandikizwa akiwa na miaka miwili. Mama ndiye aliyetoa. Sasa yuko darasa la nne. Ananisalimu shikamoo babu kila asubuhi akiwa na begi kubwa kuliko mgongo wake. Ukimtazama hutajua lolote. Lakini nyumba nzima inaendeshwa kwa saa. Kidonge ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, saa kumi na mbili kamili katikati, leo, kesho na maisha yote. Usiku ni rahisi, taarifa ya habari ikianza tu mama ananyanyuka. Asubuhi ndiyo kazi, foleni au mvua, kidonge kiwe kimekwisha mezwa.

Kuna mambo mengine ambayo mimi sikuyajua mpaka mama huyo aliponieleza. Balungi ni marufuku katika nyumba ile, kwa sababu tunda hilo hupandisha dawa katika damu ikawa sumu. Zipo dawa za vidudu, zile ambazo mtu hununua duka la dawa pale Kariakoo bila cheti, ambazo nazo huipandisha. Na ipo dawa kubwa ya kifua kikuu ambayo huishusha hadi ini likawa halina ulinzi. Vidonge vya maumivu vya kawaida vya dukani vinaweza kuumiza figo ambazo tayari zinabebeshwa mzigo. Mitishamba ya bibi, hata kama ni kwa mapenzi, haingii. Maji huchemshwa. Kachumbari na juisi ya miwa ya barabarani hapana. Chandarua kila siku, kwani malaria kwake haina utani. Chanjo za aina ya surua, ambazo hutengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa kawaida hawapewi watoto wanaotumia dawa hizi, hivyo ulinzi wake ni chanjo ya watoto wa majirani. Ukimwacha wako bila sindano ya surua, msikilizaji, hujamhatarisha wako peke yake.

Na bado, nasema kwa msisitizo, mtoto huyu si yai. Madaktari wanawataka wacheze. Tangu mwaka 1978 yapo hata mashindano ya michezo ya dunia ya watu waliopandikizwa viungo, na watoto wana mbio zao. Kumbe kuna shule moja, sitaitaja, ambako mtoto wa namna hii alikalishwa chini ya mwembe kila kipindi cha michezo kwa mwaka mzima, kwa huruma, wenzake wakimwita mgonjwa. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyempa hata karatasi moja ya kumweleza. Mimi naona kwamba huruma ya aina hiyo inaweza kumwibia mtoto maisha kuliko yale makovu ya tumboni.

Halafu upo umri ambao wazazi wote wa watoto hawa wanauogopa, nao ni ujana. Mtoto wa miaka mitano anameza anachopewa. Kijana wa miaka kumi na sita amechoka kuwa tofauti. Anajisikia mzima, anaruka dozi moja, mbili, hakuna kinachotokea, anaruka wiki. Kote duniani vijana wamepoteza maini yao kwa namna hiyo. Mwili haukusahau; ulikuwa unasubiri.

Tuseme sasa juu ya fedha. Mchango wetu hulipa upasuaji. Haulipi mwezi wa arobaini. Dawa hizi hutengenezwa India kwa bei nafuu kuliko zamani, lakini nafuu kwa nani, ikiwa ni kila siku na pamoja nayo ni kupima damu mara kwa mara kujua kiwango cha dawa? Na kipimo hicho si cha kila maabara. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi walikuwa wakiwaandikisha zaidi watoto walio wagonjwa. Mahesabu ya bima nayaelewa. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu. Lakini mzazi wa mtoto aliyepandikizwa aliisikia sentensi ile kwa sikio jingine. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na swali langu kwa wanaoitekeleza ni dogo: dawa ya kulinda kiungo kilichopandikizwa, na kipimo chake, vimo katika kitita cha mtoto, au havimo?

Nauliza hivyo kwa sababu ujuzi tayari upo mlangoni. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 tukapata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Novemba 2017 Muhimbili, pamoja na madaktari kutoka India, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mtu aliyepandikizwa figo anameza dawa za jamii ile ile anayomeza mtoto wa ini. Kumbe dawa, wauguzi wanaozijua na kliniki ya kuwafuatilia wagonjwa vipo katika mtaa huu huu. Watu hupenda kuuliza ni lini tutapandikiza maini hapa. Swali zuri, lakini mimi ningetanguliza la kuwatunza waliokwisha rudi, kwani idara ya upasuaji isiyo na dawa ya mwaka wa pili ni picha ya gazeti tu.

Na ningetanguliza la rangi ya choo. Nisameheni kwa kulitaja redioni wakati wengine mko mezani. Mwaka 1959 daktari wa Kijapani, Morio Kasai, alieleza upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipite kwa mtoto aliyezaliwa na mirija iliyoziba. Ukifanywa mapema, kabla mtoto hajatimiza siku 60 hivi, baadhi yao huishi miaka mingi na ini lao wenyewe, na wengine hupata muda wa kukua kabla ya kupandikizwa. Ukichelewa, faida hupungua sana. Huku kwetu mtoto akiwa na manjano mama huambiwa amwanike juani, ataacha. Mara nyingi huacha kweli. Lakini manjano yanayopita wiki mbili, choo kikawa cheupe kama chokaa au udongo wa kufinyangia, na mkojo ukawa wa rangi ya chai, hilo si la jua. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo. Taiwan tangu mwaka 2004 kila mzazi hupewa kadi yenye picha za rangi za choo alinganishe nyumbani, na watoto wakaanza kufikishwa mapema. Ugonjwa huo Ulaya humpata mtoto mmoja katika kila 15,000 hivi. Sisi huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Kama kwetu uko kwa kiasi hicho hicho, basi ni zaidi ya watoto mia moja kila mwaka. Hesabu hiyo ni yangu ya kalamu na karatasi, si ya wizara, lakini jiulize wewe umewaona wangapi gazetini.

Jirani yangu hazungumzi sana juu ya mambo haya makubwa. Juzi alinisimamisha ngazini, akaniambia, "Mzee wangu, wewe unajua watu. Mtihani wa taifa wa darasa la nne huanza asubuhi, na kidonge cha binti ni saa mbili. Ataruhusiwa kuingia na kidonge na chupa ya maji?" Nilimshauri aende kwa mwalimu mkuu mapema, na barua ya daktari mkononi. Alikwenda. Mwalimu mkuu ameahidi kuuliza wilayani.